Ushahidi wa Sikio



Kuna mji mmoja Uingereza ambako watu hukata tiketi kwenda kusikiliza mhadhara wa fizikia, na mhadhara ukiisha hawaendi nyumbani, wanangoja fidla. Mji huo ni Oxford, na tamasha lenyewe linaitwa Oxford May Music. Lilianzishwa mwaka 2008 na watu wawili: Brian Foster, profesa wa fizikia ya chembe katika chuo kikuu cha mji huo, na Jack Liebeck, mpiga fidla kutoka London. Foster alitumia miaka mingi kwenye mtambo wa kugonganisha chembe kule Hamburg, Ujerumani, naye hupiga fidla kwa mapenzi tu, si kwa riziki. Wawili hawa walikuwa wamekwisha kuzoeana. Mwaka 2005, dunia ilipoadhimisha miaka mia tangu Einstein achapishe makala zake mashuhuri za mwaka 1905, walianza kuzunguka na mhadhara wa pamoja: mmoja anaeleza fizikia ya Einstein, mwingine anapiga muziki ambao Einstein aliupenda.

Nimeombwa nizungumzie tamasha la namna hiyo, na nitaanza na swali la kikorofi. Muziki unafanya kazi gani pale? Ikiwa ni asali ya kupaka kwenye kijiko cha dawa chungu, basi mwanafizikia amejidharau na mwanamuziki amedharauliwa. Nimeona vikao vya aina hiyo. Mtu anazungumza kuhusu nyota kwa dakika arobaini, kisha anaingia mpiga piano aliyevaa suti nyeusi, anapiga kitu chenye neno "mwezi" kwenye jina lake, watu wanapiga makofi na kuondoka. Nyota hazikuusaidia muziki, wala muziki haukuzisaidia nyota.

Ninayo sababu nyingine ya kutaka mambo haya mawili yawekwe ukumbini pamoja, na ndiyo nitakayoitetea jioni hii. Sehemu kubwa ya sayansi ya leo tunaipokea kwa kuamini. Chembe ya Higgs ilipotangazwa mwaka 2012, hakuna hata mmoja wetu humu aliyeiona. Tuliwaamini waliosema wameiona, na hao nao waliamini mashine zao. Sauti ni jambo la namna nyingine. Kwa sauti, mtu asiye na maabara, asiyejua hesabu za kalkulasi, anaweza kuketi kitini na kuhukumu ushahidi kwa masikio yake mwenyewe, tena pamoja na watu mia mbili waliosikia hicho hicho kwa wakati huo huo. Sijui nyanja nyingine ya fizikia inayompa raia wa kawaida heshima hiyo kwa urahisi namna hii.

Niwaonyeshe kabla hamjaanza kunidai.

[Hapa mhadhiri alifunga waya mmoja wa chuma juu ya sanduku la mbao, ukapita juu ya vijiti viwili, na ncha yake ikaning'inia ukingoni mwa meza ikiwa imebeba kidumu.]

Kidumu hiki, pamoja na maji yaliyomo, kina uzito wa kilo moja. Nauchokoa waya: mmesikia noti yake. Sasa, kitabu cha zamani cha muziki kinasema ukitaka noti hiyo ipande oktava nzima, yaani isikike kama mtoto anayeimba sauti ile ile ya baba yake lakini juu, uongeze uzito maradufu. Hadithi yake ni ya Pythagoras: alipita karibu na duka la mhunzi, akasikia nyundo zikilia kwa upatanifu, akazipima, akakuta kati ya nyundo mbili zilizopishana kwa oktava moja ina uzito maradufu ya nyingine; kanuni hiyo ikahamishiwa kwenye mizigo inayovuta nyuzi. Waandishi walinakiliana hadithi hiyo kwa karne nyingi sana. Naongeza maji mpaka kilo mbili.

[Waya ulilia. Baadhi ya wasikilizaji walicheka.]

Mmecheka kwa sababu haikuwa oktava. Ilikuwa noti iliyokaa vibaya, kama imekwama katikati ya ngazi, na wanamuziki mlio mstari wa mbele mmekunja uso kabisa. Naongeza tena mpaka kilo nne. Sikilizeni.

Hiyo ndiyo oktava. Aliyeligundua hili, mwishoni mwa karne ya 16, ni Mwitaliano mpiga liuto, chombo kilicho ndugu wa udi wetu. Jina lake Vincenzo Galilei. Alikuwa na ugomvi na wananadharia wa muziki waliotaka hesabu za vitabuni zitawale masikio ya wapigaji, na katika ugomvi huo akaning'iniza mizigo kwenye nyuzi. Akakuta kwamba kupandisha noti mara mbili kunataka uzito mara nne. Walimu wa fizikia wataandika ubaoni kwamba idadi ya mitetemo inafuata kipeuo cha pili cha mkazo: mkazo ukizidishwa kwa mbili, mitetemo inazidishwa kwa 1.414 tu. Ni ile noti iliyowachekesha. Vincenzo alikuwa na mwana aliyejua kupiga liuto vizuri, ambaye alikuja kupima mipira ikibingirika kwenye mbao zilizoinama. Mwana huyo ni Galileo. Wako wanahistoria wanaosema kijana alijifunza nyumbani, miongoni mwa nyuzi na mizigo ya baba yake, kwamba kanuni ya maumbile hutafutwa kwa kupima. Sina haja ya kuwaapia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini jaribio mmelisikia, na hukumu mmeitoa wenyewe kwa kicheko, kabla sijataja hesabu yoyote.

Turudi Oxford, maana mji ule una sababu zake za kufaa kwa jambo hili.

Nyumba ya muziki ambamo tamasha lile lilipiga kambi, Holywell Music Room, ilifunguliwa mwaka 1748. Inasemekana ndiyo ya kwanza Ulaya kujengwa makusudi kwa ajili ya maonyesho ya muziki na kudumu katika kazi hiyo mpaka leo. Ni ndogo, mpiga fidla akivuta pumzi kabla ya noti ya kwanza, aliye kiti cha nyuma anamsikia. Mali ni ya Wadham College, na hapo ndipo pananivutia. Katika miaka ya 1650 mkuu wa chuo hicho, John Wilkins, alikusanya kwake kundi la watu waliopenda majaribio kuliko mabishano ya vitabuni. Christopher Wren alikuwamo, Robert Boyle alikuwamo, na kijana mmoja mwembamba mwenye mikono ya fundi, Robert Hooke. Kundi hilo ni moja ya mizizi ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi iliyoundwa London mwaka 1660.

Huyu Hooke ningependa watu wamjue zaidi. Mwaka 1666 alimweleza rafiki yake Samuel Pepys, aliyekuwa na desturi ya kuandika kila kitu kwenye shajara, kwamba anaweza kujua nzi hupiga mbawa mara ngapi kwa sekunde kwa kulinganisha mvumo wake na noti ya muziki. Pepys aliona jambo hilo limepita kiasi kidogo. Mimi naona ndiyo akili hasa ya tamasha tunalolizungumzia. Hakuna saa ya karne ya 17 iliyoweza kuhesabu mbawa za nzi. Sikio lililofunzwa muziki liliweza. Mwaka 1680 Hooke akapaka unga juu ya kioo, akapitisha upinde wa fidla ukingoni, na unga ukajipanga kwa maumbo. Karne moja baadaye Mjerumani Ernst Chladni alifanya kazi hiyo kwa mchanga na sahani za shaba, akachapisha kitabu mwaka 1787, akazunguka Ulaya akiwaonyesha watu sauti kwa macho. Mwaka 1809 alimwonyesha Napoleon. Zawadi ikatangazwa kwa atakayeeleza kwa hesabu sababu ya mchanga kujipanga vile, na aliyeipata mwaka 1816 alikuwa mwanamke aliyenyimwa nafasi ya kusoma chuoni, Sophie Germain. Kwa hiyo msidhani onyesho la jukwaani ni la kuwafurahisha walei tu; mara nyingine swali gumu kabisa hutoka kwenye onyesho.

Dakika chache kwa miguu kutoka Holywell, lipo jumba la Sheldonian, lililomalizika mwaka 1669. Aliyelichora ni yule yule Wren, na wakati anajenga alikuwa profesa wa unajimu wa kisayansi. Humo, Julai 1791, Joseph Haydn alivikwa joho la udaktari wa heshima wa muziki, na simfoni yake ya 92 ikapigwa. Aliitunga miaka miwili kabla, kwa ajili ya Paris, lakini jina la Oxford ndilo lililoiganda. Haydn aliandika kwenye daftari lake gharama za heshima hiyo: gini moja na nusu za kupigiwa kengele, nusu gini ya kukodi joho. Wasomi wa hapa wanaolalamikia ada za mahafali wajue wana mkubwa wao.

Mwaka uliofuata, 1792, Haydn alikwenda Slough kuona darubini kubwa ya William Herschel, yenye bomba la futi 40. Hapo sasa tumefika kwa mtu ambaye, lau ningepewa usiku mmoja tu wa tamasha, ningempa yeye wote.

Herschel alizaliwa Hannover mwaka 1738, mwana wa mpigaji wa bendi ya jeshi. Akahamia Uingereza, akapiga obo, akapiga fidla, akatunga simfoni 24, na tangu mwaka 1766 akawa mpiga kinanda cha kanisa katika mji wa Bath. Alikuwa mwanamuziki mwenye shughuli nyingi, wanafunzi wengi na usingizi kidogo. Ili aelewe vizuri nadharia ya upatanifu wa sauti alisoma kitabu cha Robert Smith wa Cambridge kuhusu jambo hilo. Kikamkolea. Akatafuta kitabu kingine cha mwandishi huyo huyo, na hicho kilihusu mwanga na utengenezaji wa darubini. Basi, yakamkuta. Nyumba ya mwalimu wa muziki ikageuka karakana: kioo cha madini kinasuguliwa sebuleni, tanuri liko chini. Dada yake Caroline, aliyeletwa kutoka Ujerumani na kufunzwa kuimba mpaka akawa mwimbaji wa kwanza katika oratorio za Handel mjini hapo, alilazimika kumlisha kaka yake kwa mkono kwa sababu hakutaka kuinua kiganja kwenye kioo. Tarehe 13 Machi 1781, katika bustani ya nyuma ya nyumba yao, Herschel aliona kinukta kisichofanana na nyota. Ilikuwa sayari ya Uranus, ya kwanza kugunduliwa tangu binadamu aanze kuandika.

Naye Caroline aliacha kuimba. Hilo huwa linaniuma kidogo, ingawa vitabu vya unajimu hulisimulia kama ushindi. Aligundua nyotamkia, ya kwanza mwaka 1786, na mwaka 1787 mfalme akaanza kumlipa paundi 50 kwa mwaka kwa kazi ya kumsaidia kaka yake. Sauti yake hatutaisikia.

Mkipanga jioni moja kwa kisa hiki, sayansi na muziki havihitaji gundi. Simfoni ya Herschel ipo, inapigika. Si kazi ya Haydn, na msikilizaji mwenye masikio atalijua hilo mara moja, nalo pia ni funzo. Baada yake aje mtu aeleze kioo kinasuguliwaje.

Einstein je? Tamasha la namna hii haliwezi kumkwepa, na Oxford wana haki naye. Alikwenda huko mwaka 1931, 1932 na 1933, na alipiga fidla na wanamuziki wa mjini. Ubao aliouandikia katika mhadhara wa tarehe 16 Mei 1931 haukufutwa. Umewekwa makumbusho, jirani kabisa na Sheldonian, chaki yake ikiwa bado inasomeka. Fidla alianzishwa nayo na mama yake akiwa na miaka sita hivi, akaichukia, kisha akiwa na miaka kumi na tatu akakutana na sonata za Mozart na chuki ikaisha. Yote hayo ni kweli. Ninachokikataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema fidla ndiyo iliyomzalia nadharia ya uhusianifu. Hakuna mlinganyo wake unaotoka kwenye sonata. Alipiga fidla kwa kuwa aliipenda, na sababu hiyo inatosha.

Tukishaanza kuupa muziki kazi ambazo si zake, tunafika mahali pabaya. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha taarifa fupi ya Rauscher na wenzake: wanafunzi 36 wa chuo walisikiliza sonata ya Mozart kwa dakika kumi, kisha wakafanya vizuri zaidi katika maswali ya kukunja karatasi akilini, na faida yenyewe ikayeyuka baada ya kama robo saa. Basi, ni hayo tu. Hawakuwa watoto, wala hakuna aliyepima akili ya kudumu. Kufikia 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, alikuwa akiomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto mchanga apewe rekodi ya muziki wa klasiki. Watafiti waliokusanya majaribio yaliyofuata walikuta athari ndogo, ambayo muziki wowote unaokuchangamsha unaweza kuileta. Tamasha linalounganisha sayansi na muziki lingekuwa mahali pazuri pa kumzika mzimu huyu. Kwa bahati mbaya, matangazo ya matamasha ndiyo mara nyingi yanayomfufua, kwa sababu mzazi anayeambiwa mwanawe atapata akili hukata tiketi haraka kuliko anayeambiwa atasikia kitu kizuri.

Kuna mfano mmoja wa leo ambao unapita mtihani wangu wa ushahidi wa sikio, ingawa kwa mbinu ya kuazima. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO kule Marekani, kila mmoja ukiwa na mikono yenye urefu wa kilomita nne, ilitikiswa na wimbi la mvutano. Mashimo meusi mawili, moja lenye uzito wa majua 36 hivi na jingine 29, yalizungukana na kumezana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 kutoka kwetu. Mtikisiko wenyewe ulikuwa mdogo mara mamia kuliko protoni. Halikuwa wimbi la sauti; hewa haikuwamo. Lakini kwa sadfa ambayo bado hunifurahisha, masafa yake yalikuwa ya kiwango cha sikio la binadamu. Yalianza mitetemo 35 kwa sekunde, karibu na noti za mwisho za kushoto kwenye piano, yakapanda kwa moja ya tano ya sekunde mpaka kama 250, jirani na C ya katikati. Ukiyapeleka kwenye spika yanasikika kama tone la maji linalodondoka kwenda juu. Mkao wa kupanda kwake ndio unaobeba uzito wa mashimo yale. Mwanafizikia akiliweka jukwaani, kisha mpiga selo akalifuatisha kwa kidole kinachoteleza juu ya waya, ukumbi utajua kwamba kupanda kule kunaenda kwa kasi inayozidi, si kwa hatua sawa. Hapo ndipo mlinganyo ulipo.

Sasa nije kwetu, kwa sababu wenyeji wangu wameniuliza kama jambo hili linawezekana hapa.

Linawezekana, na hatuhitaji kumwazima Haydn. Fidla ya taarab ni fidla hiyo hiyo, nyuzi nne, bila alama za kuzuia vidole kwenye shingo. Mpigaji wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, akipiga maqamu (ngazi ya noti) ya rast, noti ya tatu anaiweka mahali ambapo piano haina. Tuchukue A ya mitetemo 440 kuwa noti ya kwanza. Piano ina noti yenye mitetemo 523 na nyingine yenye 554, na katikati yao haina kitu; zote mbili kwa rast haziko sawa. Noti ya tatu ya rast iko kama kwenye 539, na nasema "kama" makusudi. Waarabu wenyewe wamebishana juu yake. Mwaka 1932, miaka ile ile Einstein akiwa safarini Oxford, mfalme Fuad wa Misri aliitisha mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu mjini Cairo. Béla Bartók alikuwepo, Paul Hindemith alikuwepo, pamoja na wataalamu kutoka Uturuki, Shamu na Maghribi. Kamati ya ngazi za muziki ilileta vyombo vya kupimia nyuzi ikataka kuamua kama oktava inagawanyika vipande 24 vilivyo sawa. Haikuafikiana. Wapigaji waliposikilizishwa ngazi ya vipande sawa walisema si ile wanayoipiga.

Huo ni ugomvi wa Vincenzo Galilei uliorudi, kati ya hesabu nadhifu na sikio la fundi, na safari hii unatuhusu moja kwa moja: taarab ya visiwani ilichota Misri tangu enzi ya Sultani Barghash, na hapa katikati kinanda na akodiani, ambazo noti zake zimefungwa na kiwanda, zikaingia vikundini. Noti ya tatu ya rast wanayoipiga wazee wetu leo iko wapi? Imebaki 539? Imevutwa na kinanda kuelekea 554? Tofauti kati ya mzee aliyejifunza kabla ya vinanda vya umeme na kijana aliyejifunza baada ni kiasi gani? Swali hili halina jibu kwenye kitabu changu chochote. Linahitaji simu yenye programu ya kupima masafa, wapigaji kumi wa rika mbalimbali, ganuni moja, na mwalimu wa fizikia anayejua wastani ni nini na makosa ya upimaji ni nini. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kulifanya.

Ningependa tamasha letu la kwanza liwe hilo: upimaji hadharani, mbele ya watu waliokuja kusikiliza taarab. Wapo watakaosema taarab si maabara na wazee watajiona wanatahiniwa. Wasiwasi huo nauheshimu; ndiyo maana itahiniwe simu, si mzee. Mzee apige noti, hadhira iseme imekaa au haijakaa, na namba isomwe mwisho. Namba ikipingana na ukumbi mzima, wa kwanza kuulizwa maswali awe mwanafizikia.

Kuhusu ratiba, Oxford wamezoea mhadhara utangulie na muziki ufuate. Mimi ningegeuza. Wapigaji waanze, wapige saa nzima bila maelezo yoyote, mpaka watu wawe wameisikia ile noti ya tatu mara nyingi kiasi cha kuikosa ikipotea. Hapo mwalimu wa fizikia aingie na waya wake na vidumu vyake vya maji. Kama mtu ataondoka kabla ya mwalimu kufika, aondoke. Alikuja kwa taarab na ameipata.

Waya bado uko mezani na maji yapo. Anayetaka kujaribu kilo tatu aje mbele, na wapigaji mtuambie noti hiyo mnaiitaje.